Maswali ya Wasomaji: Jirani Anakata Ploti, Nani Mwenye Kauli?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaongelea kitu kimoja, kukata ploti na mambo ya zoni kwenye miji ya pembezoni, ile miji iliyokuwa nyumba mojamoja na miti kibao halafu jiji kubwa likaifikia. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha, manake wengine wana kesi na majirani zao na sitaki kuwachomea.

Habari ya kazi. Ploti kubwa ya nyuma yetu imeuzwa na aliyenunua anataka kuikata viwanja sita ajenge nyumba sita. Tumeletewa barua ya kikao cha kamati ya mipango. Mtaa mzima hatutaki na sahihi tumekusanya za kutosha. Tukienda wote na hizo sahihi, si lazima wakatae? (Jirani mwenye hasira)

Si lazima ndugu yangu, na kuna uwezekano mkubwa hawatakataa. Najua hutafurahi ila bora uyasikie kwangu kabla ya kikao kuliko uyasikie ukumbini mbele ya watu.

Iko hivi. Maamuzi ya ardhi ya mji yako ya aina mbili na watu wanayachanganya kila siku. Aina ya kwanza ni kuchora zoni zenyewe, yaani kusema upande huu nyumba za familia moja, ule maghorofa, kule biashara, na kiwanja kisipungue ukubwa fulani. Hiyo ni siasa, inaamuliwa na baraza la mji, madiwani wana uhuru wa kusema ndiyo au hapana, na hapo sahihi za mtaa zina uzito kweli kwa sababu diwani anataka kura. Aina ya pili ndo hiyo ya jirani yako, mtu analeta mchoro wa sevea anaomba kukata ploti kufuata sheria ambazo tayari zipo. Kamati hapo kazi yake ni kukagua. Ukubwa umetimia? Kila kiwanja kinafika barabarani? Maji ya mvua yanaenda wapi? Gari la zimamoto linaweza kuingia na kugeuka? Kama majibu yote yako sawa, kwa nchi nyingi kamati haina ruhusa ya kukataa eti kwa sababu ukumbi ulijaa watu wamenuna. Wakikataa hivyo mwenye ploti anaenda mahakamani, mara nyingi anashinda, na mawakili wa mji wanalipwa kwa kodi yako wewe.

Uingereza wako tofauti kidogo. Kule tangu sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 karibu kila ujenzi unaombewa ruhusa wenyewe na halmashauri inapima mpango wa eneo pamoja na mambo mengine, kwahiyo wana nafasi kubwa zaidi ya kutumia busara. Lakini hata huko wingi wa sahihi peke yake hausaidii, wanataka sababu za kimipango.

Sasa hasira zako zipeleke pale panapofanya kazi. Nenda ofisi ya mipango kabla ya kikao uombe faili lote, si ule ukurasa mmoja wa tangazo, faili lote na michoro, halafu anza na maji. Nasema maji makusudi. Ardhi yenye nyasi inanyonya mvua, ukishaweka mapaa sita na maegesho sita ya lami mvua ileile inateremka kwa fujo na kama ploti yako iko chini basi inateremkia kwako. Muulize mhandisi wao bwawa la kuzuia maji, lile la kushikilia mvua isiteremke yote kwa mpigo, limepigiwa hesabu ya mvua gani. Watakwambia labda mvua ya miaka mia, na watu wakisikia hivyo wanatulia wanadhani itakuja wajukuu wakiwa wazee, kumbe maana yake ni mvua ambayo kila mwaka ina nafasi asilimia 1 ya kutokea, ukiishi hapo miaka 30 nafasi ya kuiona angalau mara moja inakaribia asilimia 26. Uliza pia nani atasafisha hilo bwawa nyumba zikishauzwa na mjenzi ameshaondoka, hili ndo swali ambalo kamati nyingi zinalisahau na miaka kumi baadaye bwawa limejaa tope na kila mtu anamnyooshea kidole mwenzie.

Magari achana nayo, utapoteza muda. Wahandisi wa barabara Marekani wanahesabu nyumba moja ya familia inaleta safari kama 9 hadi 10 kwa siku, kwenda na kurudi zote ndani yake, na kwenye ile saa ya foleni jioni ni kama safari moja tu kwa nyumba. Nyumba sita basi ni gari moja la ziada kila dakika kumi, ukisimama kusema mtaa utakufa kwa foleni mtaalamu wa mwombaji atakutolea hesabu hiyo na utaonekana hujasoma. Hapo afadhali uombe masharti: miti ya mpakani ibaki, uzio, saa za kazi za mafundi, taa zisielekee madirishani kwako. Masharti kamati inaweza kuyaweka na mara nyingi hata mjenzi anayakubali ili amalize.

Halafu kuna swali moja najua litakuuma: ramani ya zoni ya mtaa wenu ilipitiwa lini mara ya mwisho na ulienda? Pale ndipo viwanja sita vilipoamuliwa. Tangazo liliandikwa mapitio ya mpango wa matumizi ya ardhi au kitu cha kuchosha kama hicho na ukumbini walikuja watu wanne.

Mimi ni kinyume na huyo, nataka kukata kiwanja changu mwenyewe. Kina mita za mraba 1,950 na zoni yetu inasema kiwanja kisipungue 900. Sasa si hesabu ya darasa la pili hiyo, viwanja viwili vinatoka na chenji inabaki! Kwanini wananikatalia? (Mwenye chenji)

Nimecheka kidogo, samahani. Eneo ni sharti moja tu kati ya mengi na kwa kawaida halikwamishi watu. Kinachokwamisha ni upana wa mbele, ule upande unaogusa barabara. Kwenye barua yako ndefu umesema kiwanja ni mita 30 kwa 65 na zoni inadai kila kiwanja kiwe na mita 24 mbele. Ukikata katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya mita 15 mbele, vyote vimefeli. Kwahiyo nahisi sevea wako alifanya wanachofanya wengi, akachora kiwanja cha mbele cha mita 24 kwa 38, hapo una mita za mraba 912 safi kabisa, halafu cha nyuma kikapewa kichochoro cha mita 6 kupita pembeni mpaka barabarani. Cha nyuma kina mita 30 kwa 27 ambazo ni 810, ukijumlisha kichochoro mita za mraba 228 unapata 1,038. Imepita, si ndiyo?

Hapana. Mbele cha nyuma kina mita 6 tu badala ya 24, na hata wakikusamehe hilo, miji mingi haihesabu kichochoro kwenye ukubwa wa kiwanja. Wanasema kichochoro ni njia, huwezi kujenga pale wala mtoto hachezi pale, kwahiyo ploti yako ya nyuma kwao ni 810 na 810 si 900. Mingine haitaki kabisa viwanja vya nyuma vyenye kichochoro, mingine inavitaka ila kichochoro kiwe kipana gari la zimamoto lipite. Tafuta kwenye sheria ndogo za mji wenu kile kifungu cha mwanzo kinachoeleza maana ya maneno, kile ambacho kila mtu anakiruka, ukubwa wa kiwanja unapimwaje utaukuta hapo.

Unauliza kama unaweza kuomba kulegezewa masharti. Kuomba unaweza, kupata ni habari nyingine. Kulegezewa kumewekwa kwa ajili ya mtu ambaye ardhi yenyewe ina shida, ina mteremko mkali, mwamba, umbo la ajabu, mto umepita katikati, kiasi kwamba sheria ikifuatwa neno kwa neno hawezi kuitumia kwa lolote la maana. Wewe kiwanja chako ni mstatili mzuri na kina nyumba unaishi, shida yako ni kwamba ungepata hela zaidi kikiwa viwili, na kamati zimesikia hiyo mara nyingi mno. Ukienda na hoja ya mfuko utarudishwa mlangoni. Ukimudu kununua ukanda wa mita chache kutoka kwa jirani wa pembeni hapo una kesi bora, lakini na yeye asibaki chini ya kiwango manake kamati itakataa vyote viwili.

Njia nyingine ni sheria yenyewe kubadilika na sehemu kadhaa zimebadilika. California walipitisha mwaka 2021 sheria inayoitwa SB 9, imeanza kazi Januari 2022, inamruhusu mwenye kiwanja kwenye zoni ya nyumba moja akikate viwili bila kupita kwenye kikao cha wananchi, sharti kila kipande kisiwe chini ya futi za mraba 1,200, kidogo kisiwe chini ya asilimia 40 ya kiwanja cha awali, na mwenyewe atie sahihi kwamba ana nia ya kuishi hapo miaka mitatu.

Nani alianzisha hii habari ya serikali kunipangia nijenge nini kwenye ardhi niliyonunua kwa hela yangu? (Nimechoka)

Kila nchi ina historia yake lakini kesi ambayo imesafiri sana ni ya kimji kidogo cha pembezoni kinaitwa Euclid, pale nje ya Cleveland, Ohio. Jiji la New York lilikuwa limeweka sheria yake ya zoni mwaka 1916, miji mingi ikaiga, Euclid nayo ikachora zoni zake mwaka 1922. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 pale ikisubiri kuziuza kwa viwanda, ghafla sehemu kubwa ikaambiwa ni ya makazi na thamani ikashuka. Wakashtaki. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1926 ikaupa mji ushindi, ikasema mji unaweza kutenga matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama na afya ya watu. Ndani ya hukumu hiyohiyo jaji akayaita majengo ya maghorofa ya kupanga vimelea tu, vinavyokuja kunyonya utulivu wa mtaa wa nyumba nzuri. Mimi nikisoma ile sentensi naona kabisa chimbuko la nusu ya vikao vya leo, manake hofu ni ileile ya nani atahamia, wameibadilisha nguo tu.

Na usisahau, miaka tisa kabla ya hapo, 1917, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeifuta sheria ya mji wa Louisville iliyokuwa inawatenga watu kwa rangi mtaa kwa mtaa. Kwahiyo kuanzia hapo huwezi kuandika rangi kwenye ramani. Lakini unaweza kuandika kiwanja kisipungue ekari moja na nyumba iwe ya familia moja, na asiye na hela ya ekari moja amejitoa mwenyewe. Sisemi kila sharti la ukubwa wa kiwanja lina nia hiyo, kuna mahali hakuna bomba la maji taka na septiki inahitaji nafasi kweli. Ila bomba likishafika na ekari moja ikabaki vilevile, muulizeni diwani kwanini.

Eti yale mashamba ya Ambler yakawaje? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kilijengwa kiwanda pale, na baadaye kikawa cha General Motors. Kesi nzima walibishana yasiwe viwanda.

Kamati imekubali nikate viwanja vitatu lakini wanataka niwape bure ukanda wa mita tano kando ya barabara na pia nilipie ada ya barabara. Huu si wizi? (Mpole lakini nimefika mwisho)

Inategemea, na safari hii inategemea kweli. Mji una haki ya kukutaka ubebe mzigo ambao viwanja vyako vinauleta. Ukiongeza nyumba mbili mtaani na barabara ni nyembamba, kukuomba ukanda wa kuipanua si jambo la ajabu, karibu kila nchi inafanya. Wizi unaanzia pale wanachotaka kinapokuwa hakihusiani na ulichoomba, au kinahusiana lakini ni kikubwa kuliko mzigo wako.

Wamarekani wamelichimba hili kwa kesi tatu. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu yao ilisema kinachodaiwa lazima kihusiane na tatizo ambalo ujenzi unaleta, ile ilikuwa familia moja California walitaka kujenga upya nyumba ya ufukweni wakaambiwa watoe njia ya umma kupita ufukweni kwao. Mwaka 1994 ikaja ya Tigard, mji wa pembezoni mwa Portland, Oregon, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya mabomba na umeme alitaka kulipanua, mji ukamwambia toa eneo la kando ya kijito na njia ya baiskeli. Mahakama ikasema mji uonyeshe kwamba kiasi unachodai kinalingana angalau kwa makadirio na athari ya huo upanuzi, na kuonyesha ni kazi ya mji, si yako. Halafu 2024 ikaja ya ada: bwana mmoja wa kaunti ya El Dorado, California, alitaka kuweka nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake akapigwa ada ya barabara dola 23,420, na mahakama kwa kauli moja ikasema kipimo kilekile hakikwepeki eti kwa sababu ada imewekwa na sheria ya jumla.

Sasa wewe unaweza usiwe chini ya mahakama hizo lakini maswali yake ni mazuri popote ulipo na hayahitaji wakili. Andika barua ya adabu, uliza mita tano zimetoka kwenye mpango gani, je majirani wengine waliokata walitoa mita tano, ada imepigwa kwa hesabu gani, na kama ukitoa ardhi si upunguziwe ada kwa sababu vyote viwili ni kwa ajili ya barabara ileile. Hilo la mwisho nakusihi usilisahau, kulipia kitu kimoja mara mbili ni jambo la kawaida kabisa pale idara mbili haziongei. Na angalia tarehe ya mwisho ya rufaa leo hii, mara nyingi ni wiki chache tu tangu uamuzi, watu wanakaa wanalalamika muda unaisha. Ukianza kujenga huku umekubali masharti, baadaye kusema hukuyakubali inakuwa ngumu.

Mimi ni mpangaji, nina miaka 27, nataka hizo nyumba zijengwe ili na mimi nipate pa kuishi. Je naruhusiwa kuongea kwenye kikao au ni cha wenye nyumba tu? (Mpangaji)

Unaruhusiwa sehemu nyingi sana na tafadhali nenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walisoma kumbukumbu za vikao vya mipango vya miji ya Massachusetts, wakakuta wanaosimama kuongea ni zaidi wenye nyumba, wenye umri mkubwa na waliokaa mjini siku nyingi kuliko wakazi wa kawaida wa miji hiyo, na wengi wao wanapinga. Yaani kamati inasikia upande mmoja halafu inaandika wananchi wamekataa. Wewe si mwananchi?

Utapewa dakika mbili au tatu. Usizitumie kuelezea maisha yako yote, sema uko wapi, unaunga mkono ombi namba fulani, halafu taja sharti moja ambalo limetimizwa na ambalo wapinzani wanalalamikia, kwa mfano maji, na ukurasa wa faili ulipo. Mjumbe wa kamati anayetaka kupitisha anahitaji kitu cha kuandika kwenye sababu za uamuzi na wewe unakuwa umempa. Ukishindwa kwenda kwa ajili ya kazi tuma kwa maandishi kabla ya siku, inaingia kwenye faili vilevile, na ikifika rufaa faili ndo linalosomwa.

Lakini nikwambie kama nilivyomwambia wa kwanza, kama una jioni moja tu ya kutoa sadaka, itoe kwenye mapitio ya ramani. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 walibadilisha mpango wao kwa mara moja, kama robo tatu ya ardhi ya makazi ikaruhusiwa nyumba nyingi zaidi kuliko mwanzo, na vibali vya ujenzi vikapanda sana miaka iliyofuata, hasa nyumba za kuungana. Fikiria wangezipigania moja moja kwa vikao vya dakika tatu tatu. Japani nao wana zoni 13 zilizowekwa na sheria ya taifa, mji unachagua ipi iende wapi lakini hauwezi kujitungia ya kwake, na nyumba ya kuishi inakubalika kwenye zote isipokuwa ile ya viwanda tupu.

Kwani tukifuta zoni zote kila mtu afanye anachotaka itakuwaje? (Najiuliza tu)

Nenda Houston, Texas, uone, jiji kubwa kabisa na halina zoni. Wananchi wamepigia kura wakakataa mara tatu, 1948, 1962 na 1993. Ila usidhani kila mtu anafanya anachotaka, hapo watu wanadanganyana. Kuna sheria za kukata ploti, za maegesho, za umbali kutoka barabarani, na juu ya yote kuna masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja tangu mtaa ulipopimwa, na jiji lenyewe linasaidia kuyasimamia mahakamani.

Kwa mwenye hamu ya kukata ploti Houston ina somo zuri. Mwaka 1998 walishusha ukubwa wa chini wa kiwanja ndani ya barabara ya mzunguko ya 610 kutoka futi za mraba 5,000 mpaka 1,400 kwa masharti fulani, na 2013 wakaeneza jiji zima. Nyumba nyembamba za ghorofa zikaota kila mahali penye nyumba moja kuukuu. Na mitaa isiyotaka ikapewa mlango, wenye ploti wa eneo lao wanaweza kuomba ukubwa wa chini wa kwao ubaki mkubwa wakikubaliana wengi. Mimi naona ni biashara ya haki kuliko jiji zima kuzuiliwa na mitaa michache inayopiga kelele, japo najua kuna wasomaji wataniandikia kunitukana kwa hili, karibuni.

Hilo la hati linawahusu na ninyi wengine wote. Mji unaweza kukuruhusu kukata na hati yako ikakukataza, au kinyume chake, na ofisi ya mipango kwa kawaida haiangalii hati, itakupa kibali vizuri tu halafu jirani anakupeleka mahakamani kwa sharti la zamani lililoandikwa na mtu aliyeshakufa. Kabla hujamlipa sevea hata shilingi, itoe hati ndani uisome mpaka ukurasa wa mwisho, na kama inataja hati nyingine ya nyuma yake, kaitafute na hiyo.